Safari ya Kumswalia Bakari

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu mama aliniambia niende Mtwara nikamtazame kaka yake. Mjomba Hamisi alikuwa imamu miaka mingi, na sasa amekataa kuswalisha. Anakula kidogo, miguu imevimba, na kila anayemtembelea anaulizwa swali moja: nani atanipeleka mto Ruvuma?

"Wewe husali," mama alisema, "basi angalau msukume kwenye baiskeli."

Barabara ya kusini sitaielezea sana. Basi lilikwama kwenye matope, abiria tukashuka tukalisukuma, likakwama tena. Mwenzangu wa kiti, mzee wa Kiyao, aliposikia nasoma chuo kikuu aliniuliza kinafundisha nini. Nikamwambia kinatufundisha kuuliza maswali. Akacheka. "Huko si kusoma, ni utoto. Mtoto ndiye anayeuliza."

Mtwara. Mjomba alikuwa akikaa kwa binti yake, mtaa wa Ufukoni, chumba cha uani. Nilimkuta ameketi mkekani, ameegemeza mgongo ukutani. Hakuniuliza habari za safari. Alinieleza kosa lake kama mtu anayemweleza mganga maumivu.

Wakati wa vita vya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma, kabla watu hawajahamishiwa vijiji vya ujamaa, alikuwa imamu wa kitongoji kimoja karibu na mdomo wa mto. Wakimbizi walivuka. Mmoja wao, Bakari, alifika na homa akafa. Mjomba akaitwa kumwosha na kumswalia. Akafunua shuka, akaona chale za Kimakonde kutoka paji la uso hadi kidevuni. Akafunika. Akasema huyu si wetu, mzikeni wenyewe.

"Mjane wake, Somoe, akasimama mlangoni akasoma Fatiha yote, asikosee hata herufi," mjomba alisema. "Ili nijue ni watu gani. Nikamwambia hata kasuku hufundishwa."

Bakari alizikwa bila kuoshwa, bila sanda, kwenye jamvi. Miaka ilipita ndipo mchuuzi wa samaki wakavu kutoka ng'ambo akamsimulia mjomba, bila kujua anasema na nani, kwamba Bakari alikuwa mwalimu wa Kurani huko kwao.

"Muombe Mungu wako," nilimwambia. "Si mwingi wa msamaha?"

"Haki yake Mungu anasamehe. Haki ya mtu anasamehe mwenye haki."

"Na mwenye haki akiwa amekufa?"

Akatazama miguu yake. Nilidhani nimeshinda hoja, nikaona aibu, nikakubali kumpeleka mtoni.

Madimba, kwenye njia ya mtoni, tulifika juu ya lori la korosho, mjomba akiwa amelazwa juu ya magunia. Msimu wa mabibo ya mikorosho ulikuwa umefika, harufu yake tamu na kali imejaa njia nzima. Kutoka hapo nilimpakia kwenye karia ya baiskeli nikaisukuma mchangani. Akiona nimechoka alishuka, akatembea kidogo akishika kiti cha baiskeli, kisha akapanda tena. Njia nzima sikumsikia akiomba dua. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu, "Nitaombaje kabla sijafika kwake?"

Kijiji cha ujamaa kilikuwa nyumba zilizopangwa mistari kama viti vya darasani. Balozi wa nyumba kumi alituuliza sisi nani, tunamtaka nani, kisha akatuonyesha nyumba ya Bi Somoe. Alikuwa akimenya muhogo uani pamoja na shemeji yake, nduguye Bakari, Mzee Mfaume, ambaye uso wake ulikuwa na chale zilezile.

Bi Somoe hakusimama. "Karibu, Mwalimu. Umekuja kumsikiliza kasuku?"

Mjomba alipiga magoti mbele yake mchangani, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akasema alilosema, maneno yalikuwa machache. Akaomba aonyeshwe kaburi.

"Kaburi gani?" Bi Somoe alisema. "Sisi tulihamishwa huku. Mto nao ukahama kule. Umekula kingo, mikoko, makaburi, vyote. Bakari yuko baharini."

Mjomba akalia kwa sauti.

Mzee Mfaume akaweka muhogo chini, akanawa mikono. "Asiyekuwapo huswaliwa pia," alisema kwa lafudhi ya Kimakonde. "Njomba, tia udhu."

"Siwezi kuswalisha," mjomba alisema.

"Nani amekwambia uswalishe? Naswalisha mimi. Wewe simama nyuma yangu." Kisha akanigeukia. "Na wewe msomi, shika baiskeli au ingia safuni. Usisimame katikati kama mlingoti."

Niliingia. Takbira nne, wima, bila rukuu. Mjomba alisimama bega kwa bega nami, nyuma ya mtu mwenye chale zilezile alizokuwa amezikataa. Bi Somoe aliendelea kumenya muhogo. Sauti ya kisu chake haikukatika.

Tulipotoa salamu, mjomba alimgeukia. "Bi Somoe, radhi yako."

"Kula muhogo kwanza, usije ukaanguka njiani. Radhi sijui. Nikiamka nayo siku moja nitakutumia salamu. Nisipoamka nayo, usinidai."

Ulipoiva tulikula. Ulikuwa muhogo mzuri, wa nazi.

Kurudi Mtwara kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Siku yangu ya kuondoka nilimkuta msikitini Shangani, ameketi safu ya nyuma kabisa karibu na viatu, ingawa mbele walimwita.

"Salamu zisipokuja, Mjomba?"

"Nitakufa nikizingoja. Bakari alizikwa akingoja maji ya kuoshwa."

Mmeniuliza, wenzangu wa chuo, tangu nirudi, kama sasa naamini. Siamini. Nilikwenda nikidhani mtu wa dini ni mtu mwenye majibu, nikamkuta mjomba hana hata moja. Msamaha alioufuata hakuupata. Alichopewa ni nafasi ya kusimama nyuma ya Mfaume, aliyekuwa na kila sababu ya kumfukuza. Kama hiyo ndiyo neema, ni ndogo kuliko tulivyohubiriwa, na haimponyi mtu miguu. Barua anazopata mama kutoka Mtwara zinasema mjomba bado anakaa karibu na viatu, na kila mgeni kutoka mtoni anamuuliza kama ameagizwa chochote.