Mpiga Stata wa Basili

Injini aliyoifunga Basili kwenye pikapu yake ilizunguka vizuri, ila kuwaka ikakataa katakata. Kutafuta tatizo kunataka watu wawili: mmoja apige stata, mwingine aangalie kama plagi inatoa cheche. Miaka ishirini hapo kijijini Kilema mpigaji alikuwa mkewe, Mama Tito. Sasa kaburi lake liko pale migombani. Kuita majirani Basili hataki, watamwonea huruma.

Akaitega simu irekodi plagi, akaenda kupiga stata mwenyewe, akarudi kutazama. Cheche ilikuwepo, kali kabisa. Basi tatizo ni mafuta. Lakini kabla ya cheche alisikia sauti yake mwenyewe kwenye simu: "Haya, Mama Tito, piga." Kikafuata kimya cha mtu anayesubiri, kisha viatu vyake vikienda kwenye mlango wa dereva.