Shikamoo Ndani ya Kumi na Nane

Nilipoajiriwa kuwa mtunza bustani wa stesheni ya Itigi, stesheni haikuwa na bustani. Palikuwa na vumbi, tangi la maji, na mbuzi wa watu waliokuja kujilaza kwenye kivuli cha mabehewa. Nilimuuliza bwana stesheni nianzie wapi. Akaniambia nisihangaike.

"Bustani yako ni kumi na nane," alisema. "Asiote mtu humo."

Nikamshukuru yeye, nikamshukuru na Mungu, nikaanza kazi.

Ndivyo mpira ulivyolipwa enzi zile. Tuliambiwa michezo ni ya ridhaa, nasi tukatii, ila kila timu ilimtafutia beki wake kazi ya jina. Kabla ya Itigi nilikuwa Manyoni, mlinzi wa mizani ya ghala la mazao, na mizani yenyewe ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. Kabla ya Manyoni nilikuwa Singida mjini, utingo wa lori lililokaa juu ya matofali. Sikulalamika popote. Nilijifunza kukaba katika shule ya makatekista, kwa padri aliyetufundisha imani asubuhi na mpira jioni, na alikuwa akisema beki mwema ni yule anayemkaribia mtu bila kumchukia. Neno hilo nimelishika mpaka leo. Katika baraza la wazee wa kanisa limenifaa kuliko lilivyonifaa uwanjani.

Kuhamahama kule kulinipa sifa vijiweni, lakini kuliiharibu posa yangu. Nilikuwa nimemposa binti wa mfugaji mmoja wa upande wa Sepuka, tuliyejuana naye katika kwaya. Mzee hakukataa. Kila mshenga wangu alipokwenda kuomba jibu, yeye aliuliza swali moja tu: "Huyo kijana anakaa wapi?" Mshenga akisema Manyoni, kabla hajarudi kuniletea habari mimi nilikuwa nimeshahamia Itigi. Safari moja mzee alimtuma ndugu yake akapaone kwangu. Ndugu huyo alifika Manyoni, akaonyeshwa pahali palipokuwa na mizani, akarudi kusema kwamba kijana ni mlinzi wa kitu kisichoonekana.

"Mimi ng'ombe wangu namjua analala zizi gani," mzee alimwambia mshenga. "Binti nimpe mtu asiyejulikana analala wapi?"

Mwaka ule akaongeza kwamba baada ya mavuno atatoa neno la mwisho. Palikuwa na mgane mmoja mwenye zizi kubwa na nyumba ya bati, naye hakuwa amehama tangu azaliwe. Nikasali sana. Sikumwomba Mungu amwondoe yule mgane, maana hakunikosea. Nilimwomba tu anionyeshe pa kusimama.

Mavuno yalipokaribia, timu yetu ya Itigi ikaalikwa kucheza katika kijiji kipya cha ujamaa huko huko Sepuka. Watu walikuwa wamehamishiwa pale kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika, na yule mzee wa posa yangu alikuwa mmoja wao. Kijiji kiliahidi dume la ng'ombe kwa mshindi. Tulipofika na lori, dume tulimkuta amefungwa nyuma ya goli, na uwanja ulikuwa umejaa mambo, vile vijiti vya kupimia viwanja vya nyumba. Pembeni kulikuwa na shamba la alizeti.

Timu ya kijiji ikapanga mstari. Mwisho wa mstari alisimama mzee mwenye makatambuga miguuni na fimbo mkononi, amevaa koti lake la siku zote, na juu ya koti jezi namba tisa.

"Yule nani?" aliniuliza beki mwenzangu, kijana wa Kigoma.

"Baba mkwe."

"Wa nani?"

"Wangu, akipenda."

Hapo nikaelewa tumekwisha. Kwetu mkwe hasogelewi. Humgusi, humkingi njia, hugongani naye mabega. Mkikutana kwenye kijia chembamba, wewe ndiye unayeingia miibani. Na ambaye bado hajapewa mke huzidisha, kwa kuwa bado anaomba. Nahodha wa kijiji, mwalimu wa watu wazima, alilijua hilo vizuri, na alijua pia kwamba bila mimi nyuma yetu ni wazi.

Bwana stesheni alilalamika kwa refa, ambaye alikuwa bwana shamba wa pale. "Huyu mzee hajapiga mpira maisha yake."

"Ni mwanakijiji," mwalimu akajibu. "Kazi ya kijiji ni ya wote. Au Itigi hamjasikia habari za ujamaa?"

Bwana shamba akakubali. Kilichobishaniwa ni fimbo. Mzee aliuliza akiingia ng'ombe uwanjani atamfukuza kwa nini, kwa hiyo fimbo ikachomekwa kwenye kona ambako angeweza kuifikia.

Kipenga kilipolia, mzee hakuutazama mpira. Alinitazama mimi, akaanza kunifuata taratibu, kama anayemrudisha ndama zizini. Nikienda kulia, anakuja kulia. Nami narudi nyuma kwa heshima, naye anazidi kuja. Wenzangu wakipiga kelele nikabe, mimi natazama chini. Muda si mrefu nilikuwa nimetoka nje ya uwanja kabisa, nimesimama katikati ya alizeti, na yeye amesimama kwenye mstari akinisubiri. Kijiji kikapita palipokuwa pangu, kikafunga bao.

"Ametoka mwenyewe," nilimsikia mzee akimwambia mwalimu. "Mimi sijamgusa."

Wakati wa mapumziko bwana stesheni alinivuta kando ya lori. "Mkabe au uache kazi. Bustani ina watu wengi wanaoitaka."

"Nikimgusa, bwana, nimekosa mke."

"Usipomgusa umekosa kazi. Chagua."

Nikajitenga kidogo nikasali. Sikusikia sauti yoyote. Nilisikia tu watu wa pembeni wakiamkiana, maana wengine walikuwa wamefika wakati huo kutoka mashambani, na salamu za kwetu hazina haraka. Nikasema amina, nikarudi uwanjani.

Kipindi cha pili wakampa mzee mpira, akaja nao kwangu akiusukuma kwa katambuga. Safari hii sikukimbia. Nilisimama mbali kwa adabu, nikachuchumaa, nikatazama chini.

"Shikamoo, baba."

Mzee akasimama. Mtu mzima wa kwetu haruki salamu, sembuse ya anayemposa bintiye.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, baba."

"Habari za huko utokako?"

Wakati namweleza habari za Itigi, beki mwenzangu akauondoa mpira pale miguuni pake polepole, kama mtu anayemtoa ndama chuchuni, akaupiga mbele. Wenzetu wakasawazisha.

Mwalimu alimfuata refa akihema. "Refa, hiyo ni faulo. Amemzuia."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima."

Bwana shamba akafikiri sana. "Kijitabu cha sheria nimekisoma. Kuna mkono, kuna teke, kuna kusukuma. Shikamoo haimo."

"Basi iingie leo."

"Nikataze kijana asimwamkie mzee? Halafu usiku nitalala kwa nani hapa kijijini?"

Tukaendelea. Kila mzee alipopewa mpira, mimi nilichuchumaa nikamwamkia, na kila alipoitika tuliuchukua. Watu wa pembeni walianza kunipenda. Bibi mmoja alisema hajaona kijana mwenye adabu namna ile tangu wahamishwe. Bwana stesheni naye alicheka mpaka akaketi juu ya tairi, akisema beki wa namna hii hata Dar es Salaam hawana.

Lakini mzee alikuwa mfugaji, na mfugaji huwa haibiwi hivi hivi kila siku. Mpira ulimfikia tena ndani ya kumi na nane yetu. Kabla sijafungua kinywa, akaukanyaga kwa katambuga, akaweka uzito wake wote juu yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, baba."

"Ng'ombe wenu?"

"Wazima."

"Mvua kwenu ilifika? Uwele haukuliwa na ndege?"

Beki mwenzangu akasogea. Yule bibi wa pembeni akamwambia, "Wewe mtoto, huoni watu wanaongea?" Akarudi nyuma, mikono mgongoni. Mzee akauliza habari za kila tawi la ukoo wetu, na mimi nikamjibu moja baada ya jingine, maana salamu ya mkwe haikatizwi. Wachezaji walianza kuketi. Bwana shamba alikuwa na kipenga mdomoni bila kukipuliza. Bwana stesheni alionyesha saa yake kwa kila aliyemtazama. Hapo ndipo mzee alipotoa swali lake.

"Na wewe unakaa wapi?"

Siku zote alikuwa akimuuliza mshenga peke yake. Sasa alikuwa ananiuliza mimi, mbele ya kijiji, na dume la ng'ombe likisikia.

"Sikai popote, baba," nikasema. "Mpira ndio unaonipeleka. Bustani ninayoitunza haipo. Ila nikipewa mahali, nitakaa."

"Hapa tuliposimama palipimwa viwanja vya nyumba. Nyinyi mnakanyaga tu. Ukipewa kimoja, utahama?"

"Sitahama."

Mzee akageuka kwa watu, mguu ukiwa bado juu ya mpira. "Mmesikia?"

"Tumesikia," wakaitikia, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa mmoja wao.

"Basi binti ni wako. Sasa nipishe, nina kazi."

Nikampisha. Ningefanya nini? Golikipa wetu alikuwa mtoto wa baba yangu mdogo, naye alinitazama kwa wasiwasi huku mzee akija.

"Kaka, huyu sasa ni nani kwangu?"

"Ni mkwe wetu."

Akatoka golini, akasimama kando ya mlingoti, akatazama chini. Mzee aliupeleka mpira kwa mwendo wa kuchunga, akaingia nao golini. Kwa kuwa hapakuwa na wavu na hakuambiwa pa kuishia, akaendelea nao, akampita dume, ikabidi watu wamwite.

Bwana stesheni hakunigombeza sana. Alipanda lori, akatoa kichwa dirishani. "Bustani umeniachia?"

"Nimekuachia, bwana. Asante kwa yote."

Lori likaondoka nami nikabaki. Baada ya mavuno tulifunga ndoa, na yule mgane alituletea mbuzi. Mungu amlaze pema. Uwanja ulihamishiwa nyuma ya shamba la alizeti, na kiwanja nilichopewa kilikuwa pale pale penye kumi na nane. Niliendelea kuwa beki wa kijiji. Mzee naye alinogewa na namba tisa, akakataa kuivua kwa misimu kadhaa, na muda wote huo nilicheza nyuma yake wala sikuwahi kumpita. Mke wangu humwambia kila anayeuliza kwamba yeye alitolewa kwa mabao mawili kwa moja.

Mbele ya mlango nilichimba matuta, nikapanda mchicha na nyanya. Bwana stesheni alipokuja pande zile kutafuta kuku, nilimpitisha katikati ya matuta polepole, aone yote. Akainama, akashika jani moja, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama ningeweza kumpa mbegu.