Maji ya Moto Niliyomwaga Uani

Utotoni mwangu, enzi za Mwingereza, katika nyumba yetu ya Kariakoo hakuna aliyethubutu kumwaga maji ya moto uani wakati wa adhuhuri bila kuomba radhi. Bibi, mzaa mama, alituambia kuwa majini huwalaza watoto wao pale, na ukimuunguza mmoja, mzazi wake atalipiza kwa mtu unayempenda.

Nilikuwa na miaka tisa. Adhuhuri moja wenzangu walikuwa wananisubiri nje tukacheze, nikamwaga maji ya moto bila kusema lolote. Mama alikuwa ukumbini akishona kofia. Nilipopita, sindano ikamtoka mkononi. Nikaiokota nikampa, lakini mkono wake wa kulia haukuinuka. Nikamtazama usoni: upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka. Akajaribu kusema, maneno yakatoka mazito, kama ya mtu mwenye tonge kinywani.

Bibi alipomwona tu alisema, "Amepigwa kofi na jini." Kisha akauliza nani amemwaga maji ya moto uani. Nikamjibu si mimi.

Jirani akatumwa kwa mganga, Jangwani. Wakati tunamngoja, Bibi alifukiza ubani, akakoroga uji wa kumtia mama nguvu, akanipa nimnyweshe. Kila funda lilimpalia. Bibi akaniambia nisiache, nimpe kidogo kidogo. Mganga alifika alasiri, akasoma, akaondoka. Baba, kuli wa bandarini, aliporudi jioni hakubishana na mtu. Alimlaza mama kwenye mkokoteni akampeleka hospitali. Walipofika kifua kilikuwa kinakoroma. Homa ikapanda, na siku ya tano mama akafariki.

Miaka mingi niliamini mimi ndiye niliyemuua. Sikumwambia hata baba.

Nilipokua nikasomea uuguzi. Siku moja mkufunzi akatueleza kiharusi: uso unaoshuka upande mmoja, mkono usio na nguvu, maneno yanayovurugika. Mgonjwa alazwe ubavu, akimbizwe hospitali, na asipewe chochote kinywani, kwa kuwa kitaingia mapafuni. Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje, nikalia hadi kipindi kikaisha.

Nikamwendea Bibi, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena. Nilimweleza kuhusu maji, nikamweleza kuhusu ugonjwa. Akauliza:

"Kwa hiyo tungemwahisha hospitali, mwanangu angepona?"

"Sijui, Bibi. Siku zile hata madaktari hawakuwa na dawa yake."

Hilo lilikuwa kweli. Habari ya uji sikuitaja. Aliukoroga yeye mwenyewe, akatia sukari yote iliyokuwa imebaki nyumbani, akaupoza kwa pumzi yake kabla ya kunikabidhi. Niliona mtu mmoja wa kuubeba uji ule anatosha.