Kituo cha Migombani

Kituo changu cha kupimia hali ya hewa nilikisimika migombani, nyuma ya ofisi ya kata, Nemba. Kanuni inataka mahali pa wazi, mbali na miti na kuta, na kanuni hiyo naifundisha mwenyewe. Lakini kituo cha kwanza nilikiweka porini, paneli yake ya sola ikaibiwa kabla ya wiki kwisha. Kwa hasira nikasema basi, hiki kikae penye mlinzi. Mama ntilie wa jirani alikuwa akimwaga maji ya vyombo kwenye migomba ile, ikastawi, na kivulini pake palikuwa na ubaridi hata Julai. Nilijiambia tofauti ni ndogo.

Kazi yangu ni kusoma joto, unyevu na upepo, kisha kusema moto ukiwashwa leo utatembea au utakimbia. Wengi walinicheka. Aliyenisikiliza ni mrina asali mmoja wa Nyabusozi, rika langu, mwenye mizinga aliyoachiwa na baba yake kwenye miti ya kando ya msitu. Kila mwaka, nyasi zikiwa bado na ubichi, huchoma ukanda mwembamba kuizunguka miti hiyo, ili moto mkali wa Agosti ukija usikute cha kula. Mwaka ule alichelewa kwa kumuuguza mkewe. Kijiji kikampa kibali kwa sharti moja: achome siku nitakayoipitisha mimi.

Asubuhi hiyo nilisoma vipimo nikampigia simu. Unyevu upo, nikamwambia, choma.

"Dada, nyasi hizi zimekauka," alisema. "Sikiriza." Akazisugua karibu na simu. Nilizisikia zikivunjika kama chapati za jana.

"Kaka, sikio si kipimo," nikamjibu, nikacheka.

Akacheka naye. "Haya. Wewe ndiye umesoma."

Nilipofika kwa pikipiki mchana, moto ulikuwa umeshavuka ukanda na kupanda mitini. Nta ilikuwa ikidondoka chini inawaka. Yeye na majirani walipiga moto kwa matawi mabichi mpaka mikono ikachubuka, nami nikapiga pamoja nao, lakini hakuna mzinga uliosalia. Nyuki waliopona walizunguka pale pale ilipokuwa mizinga, hawataki kuondoka. Niliumia kuwaona kuliko nilivyoumia kwa moto wenyewe.

Baraza la kijiji liliitwa. Mwenyekiti alinigeukia mimi kwanza. "Mtaalamu, vipimo vya siku ile vilikuwaje?"

Jibu nilikuwa nalo. Usiku mzima nililipanga: kituo kipo migombani, kilipima migomba, hakikupima pori. Nikamwangalia mwenyekiti, nikawaangalia watu, nikafikiria mradi wangu na jina langu.

"Vilikuwa vizuri," nikasema.

Sikudanganya hata neno moja, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Basi ikawa uzembe ni wake. Wakamnyang'anya kibali, wakamkataza kuingia msituni na moto wa aina yoyote, hata ule wa kufukizia nyuki. Alisimama, akasema ameelewa.

Siku chache baadaye nilikwenda kung'oa kituo ili nikihamishie porini. Nilikuwa nahangaika na nguzo alipotokea, karatasi ya kibali mkononi, ameagizwa airudishe kata. Hakuwa amewahi kufika nyuma ya ofisi ile. Aliweka karatasi mfukoni, akashika upande wa pili wa nguzo, maana ndivyo alivyo. Maji ya vyombo yakamwagwa karibu na miguu yetu.

Akatazama chini, kisha akatazama majani ya migomba juu ya kichwa chake.

"Dada, kilikuwa hapa siku zote?"

"Ndiyo."

Alinisaidia kuing'oa nguzo hadi mwisho, akailaza polepole isivunjike. Kisha akatoa kile kibali, akaniwekea mkononi, akasema nikirudishe mimi.