Mama alivyofuata ngoma ndani ya MRI Mbarara, damu ikashindwa kupimika

Wakuu, heshima zenu. Hii siyo chai, imempata mama yangu mzazi nami nikiwepo.

Sisi ni Wakongo wa Kivu Kusini, tuko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Mwaka 2014 mama, mpiga ngoma wa kwaya yetu, alikuwa anapalilia maharage. Mkono wa kulia ukalegea, jembe likaanguka.

Stroke.

Daktari Mbarara akasema mshipa wa shingoni umeziba kiasi. Anataka kujua kama upande ule wa ubongo bado unapata damu. Kama inafika, mkono una matumaini. Kama haifiki, tuuzoee hivyo hivyo.

Kipimo: MRI. Nilisubiri sindano, kumbe hakuna. Sumaku inatia alama damu ikipita shingoni, wanangoja kidogo, halafu wanapiga picha kuona imefika wapi na kwa wingi gani. Ni kama kufunga kitambaa kwenye madumu pale bombani, kisha uangalie yanaingia nyumba zipi.

Ila ile alama ni hafifu mno. Kichwa kikisogea tu, kazi bure.

Sasa wakuu, ile mashine inagonga. Du! Du! Du! Na kwetu ngoma ikilia, mlokole gani anakaa kama gogo?

Mama akaanza kutikisa kichwa. Mtu kapooza mkono lakini beat haimpiti!

Fundi, Mnyankole mpole, akamwambia kwenye spika: "Nyabo, hapana tingisha kichwa! Picha naharibika."

Mama akajibu: "Ngoma iko inaniita, mwanangu. Nifanye je?"

Wakarudia, naye akarudia. Fundi akanisogezea maikrofoni, akasema ikiharibika tena tutoke, wagonjwa ni wengi. Hapo niliogopa kweli.

Mjue kwanza, kuna waumini waligombana nasi wakahamia ng'ambo ya barabara. Wakabeba na ngoma ya mama! Tangu hapo wakiipiga Jumapili, mama hatikisi hata unyusi. Anabana midomo mpaka waimalize ibada yao.

Nikasema: "Mama, hiyo ngoma ni ya bale batu ba ng'ambo."

Wakuu, alikauka. Maiti angemwonea wivu.

Picha zikatoka safi. Damu inafika. Polepole, lakini inafika.

Mazoezi yalichukua muda mrefu, na matusi mengi ya kilokole. Siku aliyoshika tena kipigio cha ngoma, nikajitapa mbele ya kwaya nzima jinsi nilivyomdanganya.

Mama akacheka. "Ngoma yangu naijua, mwana. Ile ya mu mashini haikukuwa yenyewe. Nilisikia sauti yako inatetemeka, njo maana nilitulia."

Kwaya ikanicheka mpaka leo inanicheka.

Funzo: mashine ikishindwa kumtuliza mzazi, ongea naye wewe. Na usijidanganye kwamba umemdanganya.

Aliyewahi kumwingiza mzazi kwenye hilo bomba la MRI aseme hapa, yeye alimtulizaje?