Memori Kadi ya Ndoa Yetu

Wewe unayenisikiliza, umewahi kuolewa na mwanaume yule yule mara mbili? Mimi nimeolewa. Mara ya kwanza nilikuwa binti mbichi. Ng'ombe wakaletwa kwetu, pombe ikanywewa, nikaondoka na mkeka wangu. Kanisani hatukufika. Kila mwaka mzee wangu anasema tutakwenda tukishavuna, na kila mwaka tunavuna. Watoto wetu wakafunga ndoa wakatupita, wajukuu wakapata kipaimara wakatupita, mwisho padri mwenyewe akatuita akasema, wazee, na nyinyi sasa. Ikapangwa Jumamosi tubariki ndoa.

Mimi gauni halikunisumbua, pilau haikunisumbua. Kilichonisumbua ni picha. Maisha yote tuliyoishi, mimi na mzee hatuna hata picha moja ya pamoja. Yeye akiona kamera anakumbuka kwamba ng'ombe hawajanywa maji. Safari hii nilimbembeleza mpaka akachoka.

"Haya," akasema. "Nitavaa hilo koti, nitasimama, mtapiga. Nikishalivua, msinitafute."

Mara moja tu, basi. Ikiharibika, imeharibika mpaka kaburini.

Na mpiga picha ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili. Anasoma ualimu pale Butimba, Jumamosi anapiga picha za harusi. Mikono anayo, kamera anayo. Lakini siku chache nyuma alikuwa amepiga sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa jirani yetu hapa Pasiansi, na memori kadi ikamfia. Ni kale kakadi kadogo kama kipande cha biskuti, kanaingia tumboni mwa kamera na picha zote zinalala humo. Kufika nyumbani akaitoa, anakuta keki peke yake na nusu ya mjomba. Mama wa bibi harusi akaja mpaka mlangoni kwetu.

"Nataka kuelewa," akasema. "Aliyeagwa ni mwanangu au ni keki?"

Mjukuu wangu alilia siku hiyo. Basi nikamwambia, kadi ya ndoa yangu tunakwenda kuichagua wote.

"Mke mwenza, wewe unajua nini kuhusu kadi?" Ananiita hivyo kwa utani, maana babu yake ni mume wake pia.

"Nimeuza samaki Mwaloni tangu mama yako yuko mgongoni," nikamjibu. "Najua mtu anayeficha kitu."

Tukaenda mjini, kwa muuza vifaa vya simu na kamera. Mtu mzima, rika la mwanangu wa kwanza, duka kalirithi kwa babu yake aliyekuwa anauza vitambaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Tunataka memori kadi isiyokufa."

Akaweka moja juu ya kioo, ina maandishi ya dhahabu inang'aa kama sanamu ya kanisani. Akasema hiyo ndiyo kubwa kuliko zote na anaitoa kwa bei ya ndugu. Mimi ya juu ya fungu huwa sichukui. Nikaigeuza, nikaminya kati, nikaitafuta mashavu kama ya samaki nione kama bado ni mekundu, halafu nikainusa.

"Mama, hiyo si sato," jamaa akasema.

"Najua. Sato angekuwa ameshaniambia ukweli."

Mjukuu akanifinya. Akamwambia kwa adabu, "Kaka, tunaomba tuijaribu kwanza. Tuijaze mpaka mwisho, halafu tuangalie kama kila kilichoingia kinatoka."

"Ikishatoka kwenye gamba lake nimeshauza, dada."

Hapo nikamuuliza mjukuu kwa nini ijazwe. Akanieleza kwamba kadi feki zinaandikwa kubwa juu lakini ndani ni ndogo, picha zikizidi hazina pa kukaa. Loo, kumbe ni sado, lile kopo letu la kupimia dagaa. Sokoni kuna watu wanaipiga sado kitako kwa ndani, ukiiona kwa nje ni sado, kwa ndani ni kikombe. Dagaa wanapanda juu kama kilima, unafika nyumbani sufuria haijai.

"Baba," nikamwambia yule jamaa, "kama sado yako ni nzima, kwa nini unaogopa watu wapime?"

Akakataa. Basi nikaketi kwenye ngazi ya mlango wake nipumzishe magoti. Mimi si mwembamba. Mteja wa kwanza akanizunguka, wa pili akasema shikamoo akarudi zake, wa tatu akaniuliza kama duka limefungwa. Nikamwambia sijui, muulize mwenye duka.

"Jaribuni," jamaa akasema.

Mjukuu akaweka kamera irekodi video, maana video inajaza upesi. Akanielekezea mimi. "Ongea bibi."

"Niongee nini?"

"Chochote. Mweleze mume wetu alivyokuposa."

Usiniambie hivyo mbele ya watu, mimi. Nikaanza. Enzi hizo mzee alikuwa mcheza ngoma, wale wanaocheza na nyoka. Akaja kwenye ngoma za mavuno upande wa Bujora na chatu shingoni, kifua mbele, wasichana tumejipanga tunamtazama. Anazunguka, anatikisa mabega, ananikonyeza mimi. Na chatu naye akaona raha, akaanza kumkumbatia. Mzee akadhani ni sehemu ya mchezo. Hapo nje ya duka watu wakaanza kusimama. Mwenye kuuza soksi akaacha soksi, fundi cherehani akaja na futi shingoni. Nikawaeleza mpaka mwisho, jinsi mume wangu alivyoanza kumwita mama yake, na mimi ndiye niliyemshika yule chatu mkia nikamfungua kama kamba ya mbuzi. Ng'ombe wa posa walikuja mwezi huo huo. Mtu uliyemfungua nyoka, hana tena cha kukuringia.

Watu wakacheka mpaka jamaa wa duka akaegemea kioo. Mjukuu akairudisha video tuione. Nikajiona naongea vizuri, nimefika mahali chatu anainua kichwa, basi. Kijivu. Sauti hakuna, sura hakuna, na kadi bado inasema ina nafasi tele.

"Huyo chatu ameimeza," akasema fundi cherehani.

Jamaa akaitazama kadi yake kama mtu aliyeuziwa mbuzi mwenye mimba ya upepo. "Haki ya Mungu, hata mimi nimeuziwa hivi hivi," akasema, na nilimwamini, maana aliitupa kwenye ndoo ya taka mbele ya wateja. Akafungua droo ya chini. Akatoa nyingine, ya maandishi madogo, haina dhahabu, ukubwa ulioandikwa ni wa kiasi na haijisifu. Akasema hiyo ndiyo anayowapa wapiga picha wa kudumu, na akaichomeka kamera kwenye umeme wake ili isizime.

Nikaanza tena. Hiyo ilikuwa na tumbo kweli. Chatu akaisha, nikaeleza uzazi wangu wote, nikaeleza mawifi, kamera ikawa inasimama na mjukuu anaiwasha tena. Adhuhuri ikaadhiniwa, jamaa akaenda kuswali akarudi, mimi bado niko kwa wifi wa tatu. Ilipojaa tukarudisha. Kila neno lilikuwepo, mpaka pale nilipopiga chafya.

Kadi hiyo nikakataa kumwachia mjukuu. Nikaifunga kwenye pindo la khanga yangu, mahali pa vitu vya maana. Na siku iliyofuata nikaenda ziwani kufua.

Ndiyo, na khanga hiyo. Nilishaipaka sabuni, nikaipiga kwenye jiwe, ikagonga ko. Nikaifungua, kadi inatoka povu. Nikaisuuza na maji ya kunywa niliyokuja nayo, nikaifuta, nikaitandika kwenye wavu kando ya dagaa wa jirani, kivulini kidogo ili isiungue, nikakaa kuilinda. Korongo mmoja, wale wenye kipara wanaotembea kama wakaguzi, akaja akasimama anaitazama kadi, ananitazama mimi. Nikamwonyesha kandambili.

Mjukuu akatokea. "Bibi, mbona umeanika dagaa mmoja peke yake?"

Akasogea, akaona. Akakaa chini mchangani. Tukaisubiri ikauke pamoja, yeye, mimi na korongo. Jioni akaiweka kwenye kamera, na mimi nimefumba macho nasali sala ya wafu. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, "enzi hizo mzee alikuwa mcheza ngoma."

"Ni orijino," mjukuu akasema. "Na sasa naiweka mimi."

Jumamosi tukabarikiwa. Nje ya kanisa mzee akasimama na koti lake, wima kama nguzo ya umeme, mjukuu akapiga. Alipomaliza tu, mzee akavua koti akatafuta kivuli. Mjukuu akamfuata na kamera, akamwonyesha picha kwenye kioo cha nyuma.

Mzee akatazama sana. "Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mume wangu," mjukuu akamjibu.

"Mbona kama nimekamatwa na mgambo?"

Akalivaa koti. Akasema apigwe tena. Akapigwa ananishika mkono, akapigwa ameketi na mimi nimesimama, akapigwa anamlisha keki mkewe, akaomba ya peke yake na ng'ombe kwa mbali. Padri akaja kuaga akakamatwa naye. Aliyekataa picha maisha yake yote alisimamishwa na kadi kujaa.

Usiku tukazitazama zote kwenye kompyuta ya mjukuu. Kuna jambo nililiona mapema: pale mzee alipotoka vizuri, mimi natafuna, na pale mimi nilipotoka kama binti wa watu, yeye kafumba macho. Mzee alishasema ipi isafishwe kubwa ya kuweka ukutani, na unajua ni ipi. Alipokwenda kulala, mjukuu akaniinamia sikioni akaniahidi kwamba ya ukutani itakuwa ile yangu, na babu akiuliza, ataambiwa kadi ilikufa ikabakiza hiyo moja tu.