Vidonge vya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, Kemunto, hajawahi kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu. Ukipita kwake ghorofani, mtaa wa Rexdale, kumsalimu tu, utashuka na lifti umebeba unga wa wimbi. Ukarimu huo umenichosha.

Alipopata maambukizi ya njia ya mkojo, daktari alimpa vidonge vya antibiotiki. Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nilimketisha nikamweleza. "Mama, dawa hii inabomoa ukuta unaomzunguka bakteria, naye anapasuka. Wanyonge hufa kwanza. Ukiacha katikati, watabaki wale wakaidi, na ndio watakaozaana."

"Nimekuelewa, mwanangu."

Maumivu yalipoisha, akaacha kumeza. Vidonge vilivyobaki akampa Mama Ombati wa kanisani, aliyekuwa na mafua. Mafua huletwa na virusi, na virusi havina ukuta wa kubomolewa. Angempa peremende ingekuwa yale yale.

Ugonjwa ukarudi, ukapanda hadi kwenye figo, na dawa ya kwanza haikufua dafu tena. Sasa amelazwa, ametundikiwa dripu ya dawa kali zaidi, nami nimekaa kando ya kitanda nimenuna.

Mama Ombati akaja kumwona, mzima kabisa, kwa kuwa mafua huisha yenyewe. Akafungua mkoba, akatoa vidonge viwili vilivyofungwa kwenye karatasi.

"Vilinisaidia sana, dada. Nikaona nikubakizie."

Mama mkwe akavipokea kwa mkono wenye dripu, akashukuru, kisha akanigeukia.

"Moraa, si ulikuwa unakohoa? Chukua kimoja."